Mtani Hupewa Chake

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Ifakara



Wapendwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, akina mama wa WAWATA, vijana na wanakwaya: mnapotuona tumesimama mbele yenu kwa niaba ya Kamati ya Haki na Amani, bila shaka mnatazamia tuzungumze juu ya mashamba, mipaka ya vijiji, mifugo na bei ya mpunga. Mambo hayo tumeyazungumza mara nyingi, na tutayazungumza tena. Leo tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya kicheko.

Msidhani tumeacha kazi yetu. Kicheko nacho kina haki yake na kina amani yake. Kabla hatujafundisha neno lolote, hatuna budi kuungama. Sisi tuliokuwa mstari wa mbele kuyakemea mabanda ya video tulijikuta, kidogo kidogo, tumekuwa mashabiki wakubwa wa mzee mmoja Mwislamu kutoka Tanga. Jina lake ni Amri Athumani. Ninyi nyote mnamfahamu kwa jina la Mzee Majuto.

1. Usiku wa kivukoni

Wenye umri mkubwa wanakumbuka jinsi mto Kilombero ulivyokuwa kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018. Masika yakikolea, mto hufurika, barabara ya kwenda Lupiro na Mahenge huzama, na msafiri hana la kufanya ila kusubiri kivuko. Masika moja, Ifakara ikiwa bado ndani ya Jimbo la Mahenge, baadhi yetu tulitumwa kwenda huko kwa mkutano. Tulifika mtoni jioni, kivuko kimekwisha kufunga kazi. Tukalala hapo hapo.

Karibu na mto palikuwa na mgahawa wa mzee mmoja Mwislamu. Alitupokea, akatupa wali na samaki, akatukunjulia mikeka, kisha akawasha jenereta na kufungua televisheni yake. Tulipoona ni picha ya kuchekesha, mmoja wetu alinong'ona kwamba haifai viongozi wa Kanisa kuonekana mahali hapo. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha, na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Ndipo akatokea Mzee Majuto. Kofia kichwani, mdomo wazi, sauti ya kulalamika kama mtu aliyedhulumiwa na dunia nzima. Alikuwa mzee yule tunayemkuta katika picha zake nyingi: anajiona mjanja kuliko wote, anatega mtego, na mwisho mtego unamnasa mwenyewe. Tulijikaza dakika chache. Kisha katekista tuliyekuwa naye, mtu mzito asiyecheka ovyo, akaangua kicheko hata akamwaga chai. Baada ya hapo hakuna aliyejizuia tena. Wavuvi Wandamba, wafanyabiashara ya mchele, akina mama wa Kiislamu waliokuwa wakienda msibani, na sisi wajumbe wa Kanisa, sote tulicheka pamoja mpaka jenereta likaishiwa mafuta.

Asubuhi tulivuka mto tukiwa tumefahamiana. Yule mama aliyekuwa akienda msibani alitueleza habari za marehemu wake, nasi tukampa pole na rambirambi. Jioni ya jana yake tusingemsalimu. Tangu siku hiyo tukaanza kuzitafuta picha za Mzee Majuto.

2. Mzee huyu alikuwa nani

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani angali mtoto, na hakuiacha kazi hiyo mpaka uzeeni. Zilipoenea kanda za video nchini, na baadaye santuri za CD na DVD, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza ambao Watanzania waliwatambua kwa sura tu. Mara nyingi hakutegemea maneno yaliyoandikwa. Alipewa kisa, akayatunga maneno papo hapo, kwa Kiswahili cha Tanga chenye mafumbo na madaha. Mtu asiyejua kusoma alimwelewa, na mtu aliyesoma sana alimwelewa vile vile.

Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, baada ya kuugua kwa muda na kupelekwa India kwa matibabu. Alizikwa nyumbani kwao Tanga. Siku ile hapa Ifakara tuliona Wakristo wakiwapa pole Waislamu wenzao barabarani, kana kwamba msiba umetokea mtaa wa pili.

3. Tusiyokubaliana naye

Hapo ndipo baadhi yenu mnatuuliza, na ni haki yenu kuuliza: inakuwaje Mkatoliki ashabikie kazi za mtu ambaye imani yake si yetu? Je, hatuchanganyi mambo?

Tujibu bila kuzungukazunguka. Sisi tunakiri kwamba Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu. Mzee Majuto aliishi na kufa Mwislamu, wala hakukiri hivyo. Tofauti hiyo si ndogo, nasi hatuifuti kwa sababu mtu ametuchekesha. Aidha, katika picha zake ndoa ya wake wengi ni jambo la kawaida la kuchezea, waganga huingia na kutoka, na maneno mengine hayafai masikio ya watoto. Zipo picha ambazo mwanamke anafokewa au kupigwa kofi, na watazamaji wanatakiwa wacheke. Hapo hatukucheka, na hatuoni sababu ya kuficha kwamba hatukucheka.

Lakini Kanisa halikutuambia tufumbe macho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba wasikilizaji na watazamaji wana wajibu wa kuchagua kwa dhamiri iliyo hai. Mwenye kuchagua ni lazima aangalie, apime, akatae hili na apokee lile. Anayekataa yote bila kuangalia bado hajachagua.

Basi tukaanza kutazama pamoja na kujadiliana. Siku moja mama mmoja wa WAWATA alituuliza swali ambalo tangu hapo tumelifanya kipimo chetu: "Hapa anachekwa nani?" Ikiwa anachekwa mnyonge, mlemavu au mke aliyepigwa, kicheko hicho ni dhuluma. Ikiwa anachekwa bahili, mwenye kiburi, mzee anayejiona hakosei, kicheko hicho ni fundisho. Tulipozipima kazi za Mzee Majuto kwa swali hilo, tuliona kwamba mara nyingi aliyechekwa ni yeye mwenyewe. Aliutoa uso wake na uzee wake uwe kioo, nasi wenye viburi vyetu tukajiona humo bila kutajwa majina. Mahubiri mangapi yameweza kufanya hivyo bila kumkasirisha mtu?

Tena tukumbuke kwamba Abrahamu, anayeheshimiwa na sisi na Waislamu pia, alimwita mwanawe Isaka, na maana ya jina hilo ni kicheko. Mungu hakuona haya kuiweka furaha ya wazee wale wawili katika historia ya wokovu. Baba Mtakatifu Fransisko naye, tarehe 14 Juni 2024, aliwakaribisha Vatikano wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi 15, bila kuwabagua kwa imani zao. Aliwaambia kwamba kazi yao huwapa watu nafasi ya kupumua katikati ya habari za huzuni, na kwamba ucheshi waweza kufichua matumizi mabaya ya madaraka bila kumdhalilisha mtu.

4. Tulipojaribiwa

Ushabiki wetu ungeweza kubaki jambo la starehe tu, kama isingekuwa miaka ya 2012 na 2013. Mnaikumbuka. Oktoba 2012, ugomvi wa watoto wawili kuhusu Kurani huko Mbagala, Dar es Salaam, uliishia kwa makanisa kuvunjwa na kuchomwa. Februari 2013 mabishano ya nani achinje yalisababisha mauaji ya mchungaji huko Buseresere, mkoani Geita. Mwezi huo huo, tarehe 17, Padre Evaristi Mushi aliuawa kwa risasi Zanzibar. Tarehe 5 Mei bomu lililipuka katika ibada ya kuzindua parokia ya Olasiti, Arusha, na waamini wakafa. Waislamu nao walikuwa na malalamiko yao, na wengi wao walitazamwa kwa jicho baya kwa makosa ya watu wachache.

Hofu ile ilifika mpaka kwetu. Katika kikao kimoja likatolewa pendekezo kwamba waamini wasinunue tena nyama kwa wachinjaji Waislamu, na kwamba tusishiriki misiba yao. Aliyelitoa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa. Baadhi waliitikia kwa vichwa. Kimya kikatanda. Ndipo mzee mmoja, kiongozi wa jumuiya, akasimama taratibu akauliza: "Na Mzee Majuto naye tumwache?"

Kikao kizima kilicheka. Baada ya kicheko, watu wakaanza kusema yale waliyokuwa wameyasahau: ni nani aliyewachimbia kaburi la mama yao, ni nani aliyewakopesha mbegu za mpunga, ni nani aliyewalaza kivukoni usiku wa mvua. Pendekezo lile halikupigiwa kura. Lilikufa lenyewe.

Hatusemi kwamba vichekesho vilimaliza tatizo, la hasha. Madai ya haki hayamalizwi kwa kucheka. Tunasema tu kwamba ni vigumu kumchukia mtu ambaye mmecheka naye. Tamko la Mtaguso Nostra Aetate, la tarehe 28 Oktoba 1965, liliwahimiza Wakristo na Waislamu wasahau magomvi ya zamani na washirikiane kulinda haki, amani na uhuru kwa ajili ya watu wote. Sisi tulilisoma tamko hilo kwenye semina. Kuliishi tulifundishwa kivukoni.

5. Deni letu

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii.

Sote tumekulia katika desturi ya utani. Wazee wametufundisha kwamba utani mwingi baina ya makabila ulizaliwa baada ya vita: waliopigana jana walikubaliana kwamba tangu sasa watarushiana maneno badala ya mikuki. Mtani huja msibani, hulala kaburini na kuzuia mazishi, huchukua chungu cha chakula, humwiga marehemu hata wafiwa wakacheka huku wakilia. Hakuna anayekasirika. Lakini desturi hiyo ina sharti moja: mtani hupewa chake. Familia inayomwacha mtani aondoke mikono mitupu imejitia aibu mbele ya kijiji kizima.

Mzee Majuto alikuwa mtani wa taifa hili. Alitufuata mpaka ndani ya nyumba zetu na misiba yetu. Je, tulimpa chake?

Fikirini jinsi biashara ile ilivyokwenda. Picha ilipigwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo. Msanii alilipwa mara moja, na mara nyingi haki yote ilihamia kwa msambazaji. Picha ikiuzwa miaka kumi, yeye hakupata tena kitu. Mwaka 2018, mzee huyu akiwa mgonjwa, habari za mikataba yake zilisikika nchi nzima, na Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii waliodaiwa kupunjwa. Kazi ya zaidi ya nusu karne, na bado ilibidi watu wakae mezani kuuliza kama mzee alilipwa ipasavyo.

Ni rahisi kuwanyoshea kidole wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Lakini kidole kimoja kikielekea huko, vingine vinatuelekea sisi. Santuri tulizotazama hapa bondeni zilitoka wapi? Nyingi zilikuwa nakala zilizotolewa kichochoroni, picha ishirini katika santuri moja. Baadaye tukaacha santuri, tukajaziwa picha kwenye simu na kadi kwa shilingi chache. Nchi ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo msingi wa COSOTA. Hatukuijua, wala hatukutaka kuijua.

Na tuseme lililo zito zaidi. Kwaya yetu ilipohitaji sare, sisi wenyewe, viongozi, tulionyesha picha za Mzee Majuto katika ukumbi wa parokia kwa kiingilio. Ukumbi ulijaa jioni tatu mfululizo. Santuri ilikuwa ya kunakili. Sare zikanunuliwa, zikabarikiwa, tukaimba nazo Pasaka. Waamini wapendwa, tulimtukuza Mungu tukiwa tumevaa jasho la mzee ambaye hatukumpa hata senti moja. Wakati ule hakuna kati yetu aliyeona kosa. Pengine moyoni tulijiambia kwamba yeye si wa kwetu.

Sisi wakulima wa Kilombero twajua uchungu wa kupunjwa. Kila mavuno tunalia juu ya lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba ili mnunuzi abebe zaidi ya alicholipia. Tumeandika barua, tumekwenda wilayani, tumeyataja maneno makali ya Mtume Yakobo juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa. Basi nasi tulimfungia Mzee Majuto lumbesa. Tulichukua kicheko chake chote, kilichojaa hadi kumwagika, bila kulipia hata ujazo wa kibaba.

Kumpenda mtu wa imani nyingine kwa sababu anatufurahisha ni mwanzo mzuri. Lakini upendo usiotoa haki haujakamilika. Ushabiki huishia kwenye kicheko, na haki huanzia pale mtu anapouliza: huyu aliyenichekesha, watoto wake wamekula nini leo?

6. Yatupasayo kufanya

Kamati inaleta kwenu mapendekezo manne.

Kwanza, pasiwe tena na picha wala nyimbo za kunakili katika kumbi na shughuli za parokia, hata kama lengo la harambee ni jema. Lengo jema haliitakasi njia mbaya. Wanakwaya wataelewa upesi, kwa maana kanda za kwaya nazo hunakiliwa, na wameonja uchungu huo.

Pili, wasanii wetu wa hapa bondeni, wawe wacheza ngoma, waimbaji au waigizaji, na wawe wa dini yoyote, wakipewa mkataba waulete kwa Kamati tuusome pamoja kabla ya kutia sahihi. Tunao walimu na watu wanaofahamu sheria. Kazi hiyo ni ya haki na amani sawasawa na kesi ya shamba.

Tatu, jumuiya zisione haya kutazama na kujadili kazi nzuri pamoja na majirani Waislamu, wazazi wakichagua kwa uangalifu zinazofaa watoto, na swali la yule mama likiwa mezani: hapa anachekwa nani?

Nne, ni suala la sare. Zakayo alipoguswa hakuishia kusema samahani, alirudisha. Mzee Majuto hatunaye tena, lakini warithi wake wapo. Sisi tulioandaa maonyesho yale tumekwisha kutoa kiasi chetu. Tunaomba Halmashauri ikubali kiingilio cha jioni zile tatu kihesabiwe, kijaziwe, na kipelekwe kwa njia iliyo sahihi kwa familia yake. Wapo wanaosema kwamba ni fedha kidogo na zimechelewa. Ni kweli, ni kidogo na zimechelewa. Bado si zetu.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Katika sakramenti ya kitubio twajua kwamba majuto peke yake hayatoshi, hufuatwa na malipizi. Mzee yule alilibeba neno hilo kama jina la kuchekesha kwa miaka mingi, akatufuata nalo mpaka kivukoni. Tulicheka vya kutosha. Sasa tulipe.

Mungu ampumzishe kwa rehema zake, na atujalie sisi mioyo ya haki.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, yupo mtu wa imani nyingine ambaye kazi yake imekupa furaha au msaada? Umemshukuruje?
2. Katika vichekesho tunavyotazama nyumbani, anachekwa nani? Watoto wetu wanajifunza nini humo?
3. Ni kazi gani za wengine ambazo jumuiya au parokia yetu inazitumia bila kuzilipia?
4. Hofu ikiingia tena kati ya Wakristo na Waislamu, ni mambo gani ya ujirani tutakayokumbushana?